Nyambizi mliyoichapa siyo iliyomuua babu yangu mdogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mpiga picha mstaafu hapa Mwanza. Nilikuwa na studio jirani na Makoroboi tangu mwaka 1979 mpaka simu za mkononi zilipotufungia milango, na siku hizi nina kibanda Kirumba, napiga picha za pasipoti na kuwekea watu vyeti vyao laminesheni.

Wiki iliyopita mlitoa makala kuhusu askari wa Afrika Mashariki waliokufa baharini tarehe 12 Februari 1944, meli yao ya Khedive Ismail ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani. Makala ile nimeisoma mara mbili na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni picha. Chini yake mmeandika kwamba hiyo ndiyo I-27, nyambizi iliyoizamisha Khedive Ismail. Mhariri, ile siyo I-27. Wala siyo ya Kijapani. Ni ya Kijerumani, na hata pwani iliyokuwa ikitokea naweza kukutajia.

Ningeweza kunyamaza, maana magazeti yamekosea mengi na dunia haikusimama. Lakini Jumatatu asubuhi alinijia mama mmoja wa Igoma, umri wake kama wangu. Kipande cha gazeti lako amekikata kwa wembe, kingo zimenyooka, amekitia ndani ya Biblia kisikunjike. Alitaka niikuze ile picha na kuitia kwenye fremu, akaitundike sebuleni pembeni ya picha ya baba mkwe wake, aliyekwenda na meli ile. Na huyo alikuwa wa pili. Jumamosi kijana mmoja aliniletea kipande hicho hicho akitaka laminesheni tu, nikampitishia kwenye mashine bila hata kukitazama, akalipa akaondoka. Lile linanisumbua hadi leo. Yule mama nilimwambia, "Dada, hebu kaa kwanza," nikachukua kioo changu cha kukuzia.

Na mimi nina wangu kwenye meli ile. Ni babu mdogo, mdogo wake babu mzaa baba, mtu wa Ukerewe. Alikuwa mpiga mizinga katika kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tunayo picha yake moja, aliyopiga studio Nairobi kabla ya safari: amesimama pembeni ya meza ya duara yenye maua ya karatasi, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi za jumba ambalo hajawahi kulikanyaga, kofia ameishika mkononi badala ya kuivaa. Nyuma ya picha kuna penseli: 1943. Nyumbani tuliambiwa "alikwenda Burma akafia njiani", basi. Bibi yangu alikataa mpaka anaingia kaburini. Alisema mtoto wa kisiwani hafi maji, labda amepata mke huko kwa Wahindi.

Kwa vijana ambao makala imewapita: meli ile ilitoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511, karibu elfu moja kati yao wa kikosi hicho cha 301. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Ilikuwa moja ya meli tano za abiria zilizokuwa zikisafiri pamoja, zikilindwa na manowari. Jumamosi mchana, jirani na visiwa vya Maldivi, topido mbili, yaani mabomu yanayojiendesha ndani ya maji, ziliipiga na ikazama ndani ya dakika kama mbili. Walikufa 1,297. Walionusurika ni 214. Kuogelea kwa mtoto wa kisiwani kungemsaidia nini, kama alikuwa sitaha ya chini, na meli imezama kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu?

Sasa tuje kwenye picha yenyewe, na hapa niruhusu niende polepole, maana ndiyo kazi yangu.

Nimekaa miaka arobaini nikisafisha picha kuukuu za watu. Wateja huniletea picha ya mzee na kuniuliza kama ni babu yao au ni kaka yake babu. Jibu hulipati kwenye nguo, kwa sababu zamani watu walikuwa wakiazimana koti studio. Koti moja la kijivu nimelikuta kwenye picha za koo nne tofauti. Ninachotazama ni masikio, taya, na urefu wa mkono kulinganisha na mwili. Nyambizi nazo zina nguo na zina mifupa. Rangi, bendera, namba na bunduki ndogo ni nguo. Zilibadilishwa kila boti ilipoingia gatini. Mifupa ni urefu wake, matumbo yake ya maji (yaani matangi), mahali ulipokaa mnara, kile chumba kinachosimama juu ya sitaha, na chochote kilichojengwa kwenye sitaha kisichoweza kung'oka kwa siku moja.

Nilianza na urefu. Picha yenu bahati nzuri imepigwa kwa ubavu kabisa, na juu ya sitaha wamesimama mabaharia sita. Nilichukua bikari nikampima yule aliyesimama wima kuliko wenzake: milimita 4. Boti nzima kutoka omo hadi tezi: milimita 155. Ukimpa baharia huyo mita 1.7, boti inakuwa na karibu mita 66. I-27 ilikuwa na mita 108.7. Uwanja wa mpira wa kawaida una mita 105, kwa hiyo ukiilaza pale CCM Kirumba pua yake inapita nyuma ya goli. Kwa picha ya gazeti yenye wino uliotapakaa naweza kukosea mita tatu au nne, siwezi kukosea arobaini. Angalizo tu kwa wenye kutaka kujaribu nyumbani: kipimo hiki ni cha picha iliyopigwa kwa ubavu. Boti ikiwa imekugeuzia pua hata kidogo inafupika, na yule baharia ukimchukua wa upande wa karibu na kamera atakudanganya.

Kisha nikatazama ubavu. Boti ya kwenye picha yenu ina uvimbe pande zote mbili, katikati ya mwili, unaoanza mbele ya mnara na kuishia nyuma yake. Mfikirie punda aliyebebeshwa madumu ya maji, moja huku, moja kule. Hayo ni matangi yaliyowekwa nje ya mwili mkuu, na ni alama kubwa ya boti za Kijerumani za aina ya VII, ambazo ndizo zilizoundwa kwa wingi kuliko aina nyingine yoyote ya nyambizi. Za tawi lake la VIIC peke yake ziliingia kazini zaidi ya 500. Urefu wa VIIC ni mita 67.1. Rudi kwenye bikari yangu hapo juu.

Kuna dada yake mkubwa, aina ya IX, ambayo huchanganywa nayo kila siku. Hiyo ya IXC ina mita 76.8, haina madumu ya punda kwa sababu matangi yake yamezungushiwa mwili wa pili, na sitaha yake ni pana, bapa, kama gati. Mtoto wa dada yangu anayeishi Chicago amenipigia picha za U-505, boti ya aina hiyo iliyotekwa na Wamarekani mwezi Juni 1944, ambayo sasa imehifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho la mji huo. Nilimwambia apige sitaha, yeye akajipiga mwenyewe akiwa amesimama mbele ya pua. Hata hivyo mabega ya boti yanaonekana.

Mzinga nimeuacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa mzinga ni nguo, ingawa ni nguo nzito. Kwenye picha yenu upo mbele ya mnara. I-27 ilikuwa ya aina waliyoiita B1, na boti hizo mbele ya mnara hazikuwa na mzinga. Zilikuwa na kibanda cha ndege. Ndiyo, ndege. Kilikuwa chumba kirefu kisichoingiza maji, mbele kimefunikwa kama mdomo wa pipa, na kutoka mlangoni mwake reli zinanyooka kuelekea omo. Humo ilikaa ndege ndogo ya majini iliyofunguliwa vipande, na reli zilikuwa za kuirushia. Mzinga wa sentimita 14 uliwekwa nyuma ya mnara. Kwa hiyo mnara wa B1 ukiutazama kwa ubavu unaona nundu ndefu imeutangulia. Mtu akishaiona mara moja hawezi kuisahau. Kwenye picha yenu hakuna nundu, reli wala kibanda, na mbele ya mnara pana mzinga mwembamba na baharia mmoja ameuegemea kama muuza dagaa aliyeegemea baiskeli.

Atatokea msomaji aseme baadhi ya boti za B1 ziling'olewa kibanda hicho. Ni kweli, Wajapani walifanya hivyo mwishoni, ili sitaha ibebe topido zao za kuendeshwa na mtu. Ila I-27 hakuishi kuiona siku hiyo. Baada ya kuipiga Khedive Ismail, manowari Petard na Paladin ziliiwinda mchana ule ule. Ziliangusha mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini kabisa, ndani ya maji ambamo wenzetu walikuwa bado wanaogelea, jambo ambalo makala yenu imeligusa kwa sentensi moja, na sikulaumu, mimi mwenyewe nikilifikia hapo kwenye maelezo huwa naweka kitabu chini. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ikaikimbilia kuigonga, na pezi la nyambizi likaichana ubavu. Petard ikairushia topido moja moja mpaka ya saba, ndiyo iliyoimaliza. Hata kabla ya hapo I-27 ilikuwa na historia yake: mwaka 1942 ilikuwa moja ya nyambizi mama tatu zilizopeleka nyambizi ndogo za watu wawiliwawili kushambulia bandari ya Sydney.

Niliahidi kukutajia pwani. Chukua kioo, tazama ubavu wa mnara kwenye picha yenu, chini ya vyuma vya kushikia. Kuna doa jeupe ambalo mchapaji wenu pengine alidhani ni vumbi. Ni mchoro wa samaki, mdomo wake mrefu una meno pande zote kama msumeno, naye anacheka. Watu wa pwani wanamwita papa upanga. Sisi wa ziwani hatuna wa kumfananisha naye. Alikuwa alama ya boti U-96, na baadaye kundi la 9 la nyambizi za Kijerumani lililokaa Brest, Ufaransa, likamchukua kuwa alama yake. Boti yenu basi ni U-96 yenyewe au ni mojawapo ya zile za Brest. Yote mawili ni Atlantiki. Wajerumani walipotaka kuja Bahari ya Hindi walituma zaidi zile kubwa za aina ya IX zenye mafuta ya kutosha, siyo hiki kipunda.

Na namba je? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanatafuta namba kwenye mnara, wakiikosa wanabahatisha. Wajerumani walizifuta namba zao vita ilipoanza mwaka 1939. Ukiona boti yao ina "U" na tarakimu kubwa nyeupe ubavuni, hiyo karibu kila mara ni picha ya kabla ya vita. Waingereza ndio utawaona na herufi P na namba wakati wa vita, na boti zao za aina ya T unazijua kwa mzinga uliokaa juu, kwenye kibaraza kilichoungana na mnara, na zile za mwanzo kwa pua nene kama ya kambare, kwa sababu ya mirija ya topido iliyowekwa nje. Wamarekani nawapita, wao mnara waliupunguza kila mwaka, mpaka boti moja ina picha tatu ambazo hazifanani.

Jambo jingine ambalo ni la chumba cha giza zaidi kuliko la bahari: negativu ikigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto. Mwaka 1984 niliwahi kumtolea bwana harusi mmoja picha kubwa, pete iko mkono wa kulia na vifungo vya koti vimehamia upande wa kike. Familia ya mke ilidai ni mkosi. Picha za nyambizi zimejaa makosa ya namna hiyo, na pia mikwaruzo ya makusudi, kwa sababu wakaguzi wa jeshi walikuwa wakifuta mitambo ya siri juu ya mnara kabla picha haijaruhusiwa kwenda magazetini. Ukiona juu ya mnara pamekuwa peupe kuliko anga linalopazunguka, mtu amepitisha mkono hapo. Ndiyo maana maandishi yaliyoko chini ya picha au nyuma yake mimi huyasoma mwisho. Yaliandikwa na mtu, pengine miaka kumi baadaye, pengine na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Nimeambiwa, na kijana mmoja wa ofisi yenu wa hapa mkoani nilipompigia simu, kwamba "nyambizi ni nyambizi, mzee, picha ni ya kuonyesha tu." Alikuwa na adabu, sina kinyongo naye. Nilimuuliza ana umri gani. Miaka ishirini na sita. Basi hakuwepo.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama pale karibu na Bwiru, studio yangu haikupiga picha ya harusi wala ya ubatizo kwa wiki mbili. Watu walikuwa wanaleta picha za pasipoti, za kitambulisho, nyingine zimekatwa kutoka kwenye picha ya darasa zima, nikuze, ziwekwe juu ya majeneza, au zishikwe mkononi pale uwanjani kutambulia miili. Nilikuza usiku na mchana. Kuna baba mmoja aliniletea picha ya binti yake amefumba macho, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akaniomba nimfumbue. Sasa siku gazeti lolote likichapa picha ya MV Victoria au MV Clarias na kuandika chini yake MV Bukoba, kisha mtu aseme meli ni meli, mji huu utamjibu kabla hajamaliza chai. Waliokufa na Khedive Ismail ni wengi kuliko hata makaburi ya Igoma walikozikwa watu wa MV Bukoba, ila watu wao wametawanyika vijijini nchi tatu na hawana namba ya simu ya mhariri.

Halafu Mwanza tuna udhaifu wetu. Kila kilicho kikuukuu tunampa Mjerumani. Jiwe la pale majini tumeliita Bismarck, jengo lenye ukuta mnene ni la Mjerumani, hata daraja lililojengwa na Mwingereza. Mkituwekea nyambizi ya Kijerumani, baada ya mwaka mmoja wajukuu watakuwa wanasimulia kwamba babu aliuawa na Wajerumani, na mwingine ataongeza kuwa nyambizi hiyo ilifika hadi ziwani. Tayari nimemsikia mmoja, kwenye kivuko cha Kamanga, akisema hivyo kwa uhakika wote.

Ninachoomba ni kidogo. Picha za I-15, boti iliyotangulia aina ile ile ya B1, zipo na zinajulikana. Kibanda cha ndege kinaonekana wazi kabisa. Chapeni mojawapo, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, na chini yake mwandike kwamba ni nyambizi ya aina moja na ile iliyoizamisha Khedive Ismail. Neno "aina moja" lisiachwe. Msiniwekee masahihisho ya mistari miwili ukurasa wa michezo, chini ya ratiba ya ligi. Kama kuna nafasi zaidi, wekeni ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko kwenye makaburi ya vita Nairobi, barabara ya Ngong, ambako wale waliozama wameandikwa majina. Nilikwenda mwaka 2011. Nililipiga picha jina la babu mdogo jua likiwa la saa nne, linapita kwa ubavu juu ya herufi, kila herufi ina kivuli chake. Negativu ninayo, nitawapa bure.

Yule mama wa Igoma nimemwambia arudi Ijumaa ya wiki ijayo. Fremu ameshailipia, ipo hapa kibandani, nimeitundika kwenye msumari juu ya mashine ya laminesheni, kioo nimekifuta, ndani hakuna kitu.

Wako,
Mpiga picha mstaafu,
Kirumba, Mwanza